Kipimo Alipokataa Kukata Slabu

Benchi letu liko kwenye kona, mkabala na jengo jipya la ghorofa tatu ambalo kwa mwaka mzima limetugeuza sote kuwa wakandarasi wa mdomo. Mimi nashona viatu. Kinyozi ananyoa, pale mteja anapopatikana. Mzee Redio alistaafu ukarani na sasa kazi yake ni kutangaza habari ambazo bado hazijatokea. Mama Birika anatuuzia kahawa, na pembeni yake, chini ya turubai la bluu, Mama Cherehani anashona sare za shule. Huyo ndiye mwenye haki ya kulisema jengo kuliko sisi wote, maana kaka yake na mume wake wanafanya kazi humo. Kaka mtu tunamwita Kipimo, kwa sababu hapigi msumari kabla hajapima mara tatu. Mume tunamwita Chapchap, na hilo halihitaji maelezo.

Asubuhi hiyo nilikuwa sijapiga hata funda la pili tuliposikia mshindo. Benchi lilitikisika. Vumbi jeupe likatoka kwenye madirisha ya chini ya jengo, halafu kimya. Mashine zote zilizokuwa zikiunguruma tangu asubuhi zilinyamaza kwa mpigo.

Mama Cherehani aliinuka na uzi bado uko mdomoni. Alikimbia mpaka getini. Tukamwona anaongea na mlinzi, mlinzi anatikisa kichwa, anaongea tena, mlinzi anafunga geti kwa mnyororo. Akarudi taratibu.

— Wamesemaje? — Mama Birika akamuuliza.

— Eti hakuna kuingia wala kutoka. Amri ya msimamizi.

— Kuna aliyeumia?

— Hajui. Anasema yeye ni wa geti tu.

Mama Birika akamvuta akae, akamwekea kikombe mkononi. Hakunywa. Hapo ndipo Mzee Redio, badala ya kukaa kimya kama watu wenye akili, akakohoa kama anayejaribu kipaza sauti.

— Hiyo ni kreni. Kreni imelala chali.

— Kreni iliondoka Jumatano, mzee — Kinyozi akamkatiza. — Ulikuwa hapa hapa, ukaipungia mkono.

— Basi ni maji. Chini ya jengo hili kulikuwa na mto. Waliufukia. Sasa mto umeamka, unadai njia yake.

— Mto gani unalia kishindo kama gunia la saruji? — Kinyozi akasema. — Mimi nawaambia, tatizo ni hizo slabu. Mimi tangu mwanzo sikuzipenda. Zege linamwagwa huko kiwandani, linakauka huko, linaletwa kwa lori kama kabati, linapangwa tu juu ya kuta. Zege la namna hiyo ni mgeni. Halijazoea hewa ya hapa. Mgeni akipata baridi si anatetemeka?

— Zege linatetemeka? — Mzee Redio akauliza.

— Usiku, ukiweka sikio.

— Wewe usiku unaweka sikio kwenye zege? Mkeo anajua?

Nilicheka kidogo, halafu nikamwona Mama Cherehani, nikajutia. Lakini Mzee Redio alikuwa ameshapata moto.

— Jiulizeni jambo moja. Kwa nini wanataka mlango sakafuni? Nimesikia kwa masikio yangu, wanaweka mifuniko mitatu kwenye ukumbi wa chini. Mtu mwenye mlango wa mbele na mlango wa nyuma, mlango wa sakafuni ni wa nini?

— Wa nini?

— Wa kutorokea! Kuna handaki pale. Linaanzia chini ya ukumbi, linapita chini ya benchi hili tulilokalia, linatokea benki. Na leo limetitia.

Kinyozi akainua miguu yake kutoka chini, akaiweka juu ya benchi.

— Nyamazeni! — Mama Cherehani akasema. Hakupiga kelele, lakini sote tulinyamaza. — Hakuna handaki. Chini ya ukumbi kuna chumba cha pampu. Mabomba ya jengo zima yanapita humo, na koki zake. Koki ikivuja, fundi bomba atashukia wapi? Ndiyo maana wanaweka mfuniko wa chuma sakafuni, unaufungua, unashuka kwa ngazi, unatengeneza, unapanda, unafunga. Ni hivyo tu.

— Sasa mbona wewe unajua yote hayo? — Kinyozi akauliza, sauti imeshuka.

— Kwa sababu kwetu nyumbani hakuzungumzwi kingine wiki nzima.

Akatueleza, macho yake yakiwa getini. Slabu zilizoletwa zilikuwa nzima, hazina tundu. Msimamizi akamwambia Kipimo achukue mashine, akate matundu matatu pale pale. Kipimo akakataa mbele ya wafanyakazi wote. Alisema ndani ya slabu zile mna nyaya za chuma zilizovutwa zikakazwa kabla zege halijamwagwa, na hizo nyaya ndizo zinazobeba mzigo. Ukizikata ovyo, ni kama kumkata mtu mishipa ya mguu halafu umwambie asimame. Akataka mhandisi aitwe kwanza. Msimamizi akasema mhandisi yuko safarini na kazi haisubiri. Akageuka, akauliza nani yuko tayari. Chapchap akanyoosha mkono. Kukata kuanze leo asubuhi, huku fundi bomba akifunga koki zake chini.

— Loo — Mama Birika akasema.

— Kaka akamwita mume wangu mtu wa pupa. Mume wangu akamwita kaka mwoga. Tunakaa ua mmoja, mnajua. Jana wamekula kila mtu amegeukia ukuta wake, mimi katikati na sufuria, sijui nimpakulie nani kwanza. Asubuhi wameondoka kwa milango tofauti. — Akakiweka kikombe chini. — Sikumuaga hata mmoja. Nilikuwa nimekasirika na wote wawili.

Hata Mzee Redio aliingiza mikono mifukoni. Mama Cherehani alichukua sketi aliyokuwa ameipinda vizuri tangu asubuhi, akaanza kuufumua upindo, mshono mmoja baada ya mwingine. Nilitaka kumwambia aache, lakini niliona vidole vyake vinahitaji kazi.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Kahawa ilipoa. Mteja wangu mmoja alikuja kuchukua kiatu, nikampa cha mtu mwingine, naye akaondoka nacho, wote tusijue.

Halafu mnyororo wa geti ukalia. Mlango mdogo ukafunguka, wakatoka watu wawili, weupe kuanzia utosini hadi viatuni kama waliotoka kulala ndani ya gunia la unga. Kimo kimoja, mwendo mmoja, macho tu ndiyo yanaonekana. Mmoja amemshika mwenzake begani. Mama Cherehani alikimbia, akafika mbele yao, akasimama. Hakujua nani ni nani. Basi akawakumbatia wote wawili kwa mara moja, mmoja kila mkono, na vumbi likamrukia gauni lote.

— Mko wazima? Mko wazima nyie?

— Tuko wazima — wakasema pamoja.

— Na fundi bomba je?

— Mzima. Anaoga.

Hapo ndipo alipoanza kulia, na hapo hapo akaanza kuwagombeza, na sisi tukajua kwamba mambo yamekwisha kuwa mazuri. Mama Birika alimimina kahawa bila kuulizwa. Mzee Redio alisogea, akatoa nafasi mbili kwenye benchi, jambo ambalo sijawahi kuliona kwa miaka yote tuliyojuana.

— Haya, semeni — Kinyozi akasema. — Handaki au mto?

— Handaki gani? — Kipimo akauliza.

— Achana nao, kaka — Mama Cherehani akasema. — Sema.

Kipimo alipangusa midomo kwanza. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyapima pia.

— Nilikataa kukata. Sikukataa kwenda kazini. Nilijua huyu shemeji yangu atakata, hata ningelala kifudifudi juu ya slabu. Basi nikafika mapema kabla yao, nikashuka chumba cha pampu na miti ya kuegemezea, kwa njia ya nje ambayo bado haijazibwa. Nikaikaza chini ya ile slabu, mmoja mmoja, mpaka nikamaliza kumi na mmoja.

— Bila kumwambia mtu?

— Ningemwambia nani? Tulikuwa hatusemezani.

— Mimi nilimwona — Chapchap akasema, macho yakiwa kwenye kikombe. — Nilimwona anabeba miti, nikasema moyoni, mwoga anahangaika. Nikawasha mashine. Upande wa kwanza nikakata, hakuna kitu. Upande wa pili, hakuna kitu. Nikaanza kuimba kabisa.

— Akiimba huko juu — Kipimo akaendelea — fundi bomba yuko chini anafunga koki. Mimi nikasikia slabu imelia. Mlio mdogo tu, kama mtu anavunja kijiti. Nikamwita fundi bomba, nikamwambia njoo unishikie futi nipime huku nje.

— Kwa nini usimwambie akimbie?

— Ukimwambia mtu kimbia, anauliza kwa nini. Ukimwambia njoo ushike futi, anakuja akilalamika, lakini anakuja.

Kinyozi alipiga paja.

— Akatoka — Kipimo akasema. — Nikapanda ngazi kwenda juu. Huyu ameinama, anaanza upande wa tatu, hasikii lolote kwa kelele za mashine. Nikamshika mkanda wa suruali, nikamvuta.

— Nikadhani amekuja kupigana — Chapchap akasema. — Nikageuka na ngumi. Kabla sijaifikisha, ile slabu ikakatika katikati. Nilikuwa nimezikata zile nyaya alizozisema, zote za upande ule. Kipande nilichokuwa nimesimama juu yake kikashuka chini pamoja na mashine. Kimeangukia pale pale fundi bomba alipokuwa amepiga magoti. Mkoba wake wa vifaa umekuwa bapa kama chapati.

— Na slabu iliyobaki?

— Imelalia miti. Kumi na mmoja, na yote imesimama. Bila hiyo miti ingeshuka yote, na sisi wawili juu yake, na ya jirani pengine ingefuata.

Chapchap alizungusha kikombe mkononi.

— Na ile ngumi? — Mzee Redio akauliza.

— Ilimpata — Chapchap akasema. — Hapa, kwenye taya. Ilikuwa imeshatoka njiani.

Kipimo aligeuza uso tukaona. Chini ya vumbi taya lilikuwa limeanza kuvimba.

Tulicheka, jamani. Tulicheka mpaka Mama Birika akaweka birika chini ili lisimwagike. Hata Mama Cherehani alicheka, huku akimpangusa kaka yake shavu kwa kitambaa cha sare, na kwa mkono mwingine amemshika mumewe sikio kama mtoto.

— Mwambie — akamwambia mumewe.

— Nimeshamwambia kule ndani.

— Mwambie hapa, na mimi nisikie.

Chapchap aliinuka. Alimtazama shemeji yake.

— Mimi ndiye mwoga — akasema. — Niliogopa kuonekana sijui.

Kipimo alikunywa kahawa yake polepole.

— Kaa chini — akasema. — Leo mchana tunakula kwangu. Na hakuna kugeukia ukuta.

Mama Cherehani alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyeibeba tangu jana. Akaokota ile sketi aliyoifumua, akaitazama kwa mshangao, asijue nani aliyemharibia kazi.

— Na msimamizi? — nikauliza.

— Kakaa kwenye ndoo, kashika kichwa — Kipimo akasema. — Mhandisi amepigiwa simu, yuko njiani. Sasa ndiyo kazi inasubiri. Matundu haya hayakatwi hivi. Hutengenezwa kule kule kiwandani. Kabla zege halijamwagwa wanaweka fremu ya mfuniko kwenye kalibu ya slabu, wanaongeza nondo kwenye kila pembe, ndipo wanamwaga. Slabu ikifika hapa tundu lake liko tayari, unapachika mfuniko ukalingana na sakafu, mtu anapita hajikwai. Kazi ya nusu siku.

— Kwa hiyo wangeagiza tu slabu zenye matundu — Kinyozi akasema.

— Wangeagiza tu.

Wakati huo lori lilikuwa limesimama kando ya barabara, nasi hatukuliona kwa vicheko. Dereva akashuka, mwanamke mnene mwenye ovaroli ya kijani, karatasi mkononi na kalamu nyuma ya sikio. Hatujawahi kumwona hapa. Alitusalimia vizuri, akawatazama wale wawili weupe.

— Shikamoo, mzee. Samahani wote. Nyie ndio wa jengo hili?

— Ndio sisi — Kipimo akasema. — Karibu.

— Natoka kiwandani. Nimeleta mifuniko mitatu ya chuma, ya kushukia chumba cha pampu. Ila wamenituma niulize kitu kwanza, maana vipimo lazima vioane.

— Uliza, mama — Mzee Redio akasema, amejaa ukarimu. — Hapa hakuna tusilolijua.

Dereva akasoma karatasi yake.

— Zile slabu tatu zenye matundu tulizowaletea mwezi uliopita, mmezipanga wapi?

Chapchap akamtazama Kipimo. Kipimo akamtazama Chapchap. Halafu wote wawili, taratibu, wakainua vichwa kulitazama jengo, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu, na sisi wote wa benchi tukainua vya kwetu.

Dereva alichomoa kalamu sikioni, akasubiri.