Mwalimu Restituta Polikarpo, Aliyetangaziwa Kifo Akiwa Hai

Mwalimu Restituta Polikarpo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1974 kijijini Mkula, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Polikarpo na marehemu Mama Emerensiana, wakulima wa mpunga. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mkula, sekondari upande wa Mahenge, na mwaka 1996 akahitimu ualimu.

Alifundisha shule za msingi za Ifakara, miaka ya mwisho akiwa Lumemo. Huko, yeye na mwalimu mwenzake Happyness walianzisha kipindi cha Ijumaa cha kuwafundisha watoto kuchunguza habari za mitandaoni: nani kasema, amejuaje, nani mwingine anathibitisha. Wakati mmoja ilienea picha ya mamba mkubwa, ikadaiwa yuko mto Lumemo. Mbuke wa darasa la tano akanyoosha mkono. "Mwalimu, babu yangu analima kando ya mto. Nimemuuliza. Mamba hajamwona, na hizo ghorofa za nyuma ya picha hazijui." Restituta alicheka mpaka akakaa chini, na kila mgeni aliyefika kwake alisimuliwa.

Tarehe 4 Desemba 1999 alifunga ndoa na Ndugu Steven Mabula. Aliyemsimamia kanisani ni huyo huyo Happyness, ambaye tayari alikuwa rafiki yake. Wanandoa walijaliwa watoto wawili.

Mwezi Mei 2023 aligundulika kuwa na saratani. Alitibiwa, akapata nafuu, akaugua tena. Tarehe 11 Juni 2024, akiwa wodini anakunywa uji, ujumbe ulikuwa unazunguka kwenye simu kwamba hatunaye. Happyness aliupokea, akaongeza picha ya rafiki yake na mshumaa, akawatumia ndugu wa Mkula. Mama Emerensiana alionyeshwa. Alianguka mlangoni, na wiki ile haikuisha akafariki. Restituta alimzika mama yake akiwa amekalishwa kwenye kiti, miguu haina nguvu.

Happyness alikuja kumwona. "Dada, nisamehe. Niliona kila mtu anatuma, nikaamini."

"Namba yangu unayo," Restituta alimjibu. "Ya Mabula unayo. Simu zote mbili zilikuwa hewani."

Kuanzia siku ile hakulitaja tena jina la rafiki yake. Kama alimsamehe, hakutuambia, nasi hatutasema kwa niaba yake.

Septemba alirudi darasani kwa muda mfupi. Aliwasomea watoto ujumbe ule wa kifo chake. Mmoja akauliza, "Nani kasema, mwalimu?" "Rafiki yangu," akajibu, kisha akageukia ubao akawa anaufuta, ingawa haukuwa na maandishi.

Hali yake ilibadilika baada ya Krismasi. Alifariki nyumbani Kibaoni, alfajiri ya tarehe 2 Februari 2025, mkono wake ukiwa mikononi mwa mumewe. Kabla ya saa mbili asubuhi, wanafunzi wa Lumemo walikuwa wamesimama uani.

"Shikamoo, baba," alisema mkubwa wao. "Tumesikia habari. Hatujamwambia mtu. Tumekuja kuuliza kwanza."

"Marahaba, wanangu," Mabula aliwajibu. "Safari hii ni kweli."

Ameacha mume, Steven Mabula. Watoto, Amedeus na Sayi. Mdogo wake, Maximilian. Na mjukuu mmoja.

Mungu ampokee, ampe pumziko lenye amani.