Bandeji Kwenye Goti Zima

Baada ya misimu kumi na sita ndani ya jezi namba nane, kiungo wetu mkabaji, ambaye hapa klabuni hata mhasibu humwita Rula, alistaafu rasmi tarehe 30 Juni. Mimi ndiye mtunza vifaa niliyemfulia bukta misimu yote hiyo, kwa hiyo nina haki ya kusema kwamba nimeshusha pumzi.

Alikuja mwembamba kiasi kwamba jezi ndogo kuliko zote ilimpwaya, tukaibana nyuma kwa pini. Jina la Rula alipewa na kipa wetu wa zamani, kwa kuwa pasi zake hazikupinda. Alicheza mechi 412 na kufunga mabao tisa, moja likiwa la kujifunga, ambalo mwenyewe hulihesabu kwa sababu, anasema, lilikuwa zuri kuliko mengine. Waamuzi aliwaamkia mmoja mmoja na kuwauliza hali za watoto wao, na bado walimpa kadi za njano sabini. Makombe mawili yaliyomo kabatini yana jasho lake, na wachezaji wengi wa sasa walijifunza kwake kutazama nyuma kabla mpira haujafika.

Miaka minne iliyopita goti lake la kulia lilipasuliwa mara mbili. Daktari alimwambia bila kumumunya maneno kwamba likichanika tena, atachechemea maisha yake yote. Mwingine angetundika daluga. Yeye hakusikia la mwadhini, ndipo tukabuni ujanja: kila mechi nilimfunga bandeji nene kwenye goti la kushoto, lile zima. Wapinzani wakaiona, wakashughulika nayo. Goti la kushoto lilikula mateke ya ligi nzima, la kulia likapumzika. Hata kocha hakujua.

Siku ya mechi yake ya mwisho nikavuruga kazi. Chumba cha kubadilishia nguo kilijaa wapiga picha, machozi yananilenga, nikachuchumaa mbele yake na kuifunga bandeji kwenye goti la kulia. Yeye alikuwa akiagana na wenzake, hakutazama chini. Filimbi ilipolia ndipo nilipoona. Nilimwashiria aivue, akajitazama, akacheka, akanipungia mkono kwamba maji yakishamwagika hayazoleki. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye benchi nikihesabu dakika, na kila moja ilikuwa ndefu kuliko msimu.

Dakika ya sabini beki wao akaja na miguu yote miwili, pale pale penye bandeji. Rula akaanguka. Nilikimbilia uwanjani na chupa ya maji kabla mwamuzi hajaniruhusu, nami nikapata kadi ya njano ya kwanza maishani. Nilipomfikia alikuwa ameketi, analikunja goti na kulikunjua taratibu, kama fundi anayejaribu bawaba ya mlango. Likaitika. Akaniambia kwamba kati yetu wawili mimi ndiye mgonjwa, nikae chini ninywe hayo maji. Kisha akasimama. Nililia mbele ya uwanja mzima, na sioni haya.

Kocha alimtoa muda mfupi baadaye, akatembea mpaka kwenye benchi huku watu wote wamesimama. Tulitoka sare, na wala sikumbuki nani alisawazisha.

Nje ya mlango wa wachezaji alikuwa amesimama mkewe. Tangu upasuaji wa pili hakuwa amekanyaga uwanjani. Siku za mechi alizima redio na simu, akafua hata nguo safi. Hakuuliza matokeo. Alimtazama mumewe akija hatua kwa hatua, macho yake yakiwa miguuni, na alipofikiwa akampokea begi na kusema basi, imetosha.

Rula, asante kwa kila pasi. Tunakutakia maisha mema, yenye Jumamosi zisizo na filimbi. Na wewe, shemeji, asante kwa kutuazima mume miaka yote hiyo. Tumekurudishia anatembea.