Sweta Iliyobaki Msumarini

Wasikilizaji wapendwa, Jumapili ya leo hatutaanza na santuri. Leo ninaanza na jina la mtu, na ninaomba mpunguze kidogo kelele za sufuria mnisikilize.

Mzee Sylus Ndambuki ametutoka. Narudia, kwa wale redio iko sebuleni na wao wako jikoni. Mzee Sylus Ndambuki, yule wa mlangoni Kasigau Star, ametutoka. Alifariki Jumatano asubuhi, nyumbani kwake Ikanga, hapa Voi. Alikuwa na miaka sabini na sita. Jana Jumamosi tulimzika.

Najua kuna wanaouliza, huyo ni nani? Hakuwa mwimbaji. Hakuwa mpiga gitaa. Hata kucheza hakuwa anacheza. Kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni na kutunza sweta za watu.

Vijana mnacheka. Chekeni tu, lakini msizime redio.

Mimi ni Wakio, Mama Shanice, na leo ninasema kama mtangazaji na pia kama mmoja wa watu wa zile sweta.

Kasigau Star ilikuwa ukumbi mmoja wa mabati, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Leo pale ni stoo ya simiti. Lakini miaka ile ya themanini na kitu, kila Jumapili kulikuwa na bugi. Bugi ilikuwa densi ya mchana. Inaanza saa saba, watu wakitoka kanisani. Inaisha saa kumi na moja, ili watu wa mlimani wapate basi la mwisho la Wundanyi. Muziki ulikuwa soul, wasikilizaji wapendwa. Soul tu. Kinanda kinalia polepole, tarumbeta zinaingia, na mwanamume mzima anaimba kama mtu anayeomba msamaha nyumbani kwake. Wavulana walikuwa na belbotomu za kufagia sakafu. Wasichana tulikuwa na raizoni, viatu vya soli nene kama tofali. Ukianguka nazo, umeanguka kweli.

Sasa sikieni habari ya sweta. Sisi wa mlimani, wa Werugha, wa Mwanda, tunaamka kwa ukungu. Unatoka nyumbani alfajiri umevaa sweta, meno yanagongana. Ukifika Voi, jua linakuvua. Utaiweka wapi hiyo sweta ukiwa unacheza? Ndambuki alikuwa fundi seremala wa reli siku za kazi. Akatafuta ubao mrefu, akaupigilia misumari arobaini. Safu nne, kila safu kumi. Akautundika pale mlangoni. Unafika, unampa sweta, anaining'iniza. Ana mtungi wa maji ya kunywa. Ana beseni, wenye matope waoshe miguu. Kwenye kola ya shati lake amechomeka pini, kwa yule ambaye gauni litamwachia katikati ya densi. Hayo yote hakuna aliyemwagiza.

Na alikuwa na sheria moja. Muziki ukiisha, kila mtu anachukua sweta yake. Ikibaki sweta msumarini, yeye hafungi mlango. Anaishika mkononi, anatoka kwenda kumtafuta mwenyewe. Kwa sababu mtu wa mlimani harudi kwao bila sweta. Kama sweta iko hapa, basi mtu hajaenda nyumbani. Ameenda kwingine.

Mara nyingi mwenyewe alikuwa hapo nje tu, anaongea na kijana, amesahau. Ndambuki anamvika, anamwonyesha stendi kwa kidole. Basi.

Lakini Jumapili moja, mwaka wa themanini na tatu, ilibaki sweta moja ambayo mwenyewe hakuonekana. Sweta ya kufumwa kwa mkono, rangi ya damu ya mzee. Vifungo vyake vyeusi, isipokuwa kimoja cheupe. Ndambuki alikumbuka msichana mwembamba mwenye mwanya. Jina hakuwa amemuuliza. Alienda stendi. Alienda hospitali. Alienda kwa polisi, wakamuuliza, "Aliyepotea anaitwa nani?" Akasema hajui. Wakamuuliza, "Umeleta ripoti ya mtu ama ya nguo?"

Hakuchoka. Ijumaa tatu mfululizo alipanda soko la Wundanyi, sweta iko mkononi, akitazama watu usoni. Alinisimulia mwenyewe. Mama mmoja wa viazi alimwita:

"Kaka, hiyo sweta unauza?"

"Siuzi. Natafuta mwenyewe."

"Mwenyewe si ni wewe umeishika?"

Alirudi nayo Voi. Akaitundika sebuleni kwake, kwenye msumari peke yake. Mkewe, Mama Mutindi, aliniambia wiki hii: "Watu wanaweka picha ya harusi ukutani. Sisi tuliweka sweta ya msichana. Nikamuuliza, huyu ni nani kwako? Akasema, hata mimi simjui. Wiki nzima sikumpikia! Halafu nikamwona ameketi anaitazama, chai inapoa. Nikajua huyu mtu hana raha. Kutoka hapo, kila Desemba nilikuwa naifua."

Mwaka uliofuata, themanini na nne, nilikuwa na miaka kumi na saba. Nimemaliza darasa la saba kitambo, niko nyumbani Werugha nakata nyasi ya ng'ombe. Jumapili hiyo, Kasigau Star, nikacheza na mwanamume mmoja mwenye saa ya dhahabu. Akaniambia Mombasa kuna kazi, nyumba kubwa, chumba changu mwenyewe. Gari liko nje, twende sasa hivi, kesho nafasi itakuwa imechukuliwa. Na mimi nikaenda. Sikuaga mtu. Tulikuwa tumesimama kituo cha petroli, pale barabara ya Mombasa, nimekaa mbele kama bibi harusi, nikamwona Ndambuki anakuja mbio na sweta yangu ya kijani.

Yule mwanamume akateremsha kioo. "Wewe ni nani yake? Baba?"

"Mimi ni wa sweta."

"Wa nini?"

"Wa sweta. Huyu ameacha sweta kwangu. Siwezi kufunga mlango."

"Mpe basi, uende zako."

"Lazima avae nione kama ni yake. Nisije nikampa ya mtu mwingine."

Nikashuka nivae. Mkono mmoja ukiwa ndani, akaniuliza polepole, "Mwanangu, huyu umemjua lini?"

Nikasema leo.

"Leo saa ngapi?"

Nikasema saa tisa.

Hakuniuliza lingine. Na mimi nikalisikia jibu langu mwenyewe. Saa tisa. Na hiyo ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Halafu akasema, "Basi la Wundanyi nimeliomba lingoje. Dereva ameshakasirika, twende."

Tulikimbia. Raizoni mkononi. Basi zima lilinitazama, na mama mmoja mwenye kuku akasema kwa sauti, "Ni huyu tulikuwa tunangojea? Na hata mkono mwingine hajavaa!"

Wasikilizaji wapendwa, yule mwanamume sijui alikuwa mtu wa namna gani. Sitamsingizia. Labda kazi ilikuwepo. Lakini jina lake la pili sikulijua, na hakuna mtu wangu hata mmoja aliyejua niko wapi. Hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo, nikiwa na msichana wangu mwenyewe.

Huyo msichana ni Shanice, kifunga mimba wangu, anasoma chuo hapa Voi. Mimi ni mama wa kupiga simu mara kumi na nne. Yeye ni mtoto wa kusema, "Mum, chaji iliisha." Tunagombana, siwafichi. Mwezi uliopita, niliposikia Mzee ni mgonjwa, nilimchukua twende tukamwone. Nilitaka pia amsikie. Mzee alikuwa amekonda, lakini mdomo ulikuwa uleule. "Wakio wa Werugha," akaniambia, "Jumapili umekata wimbo kabla tarumbeta haijaisha. Nani alikufundisha hiyo tabia?"

Shanice akaiona sweta ukutani, akauliza. Mzee akamweleza yote. Mwisho akasema, "Nimetunza sweta nyingi. Hii ndiyo sijui kama mtu wake alifika. Nikifa leo, nitakuwa nimekufa mlango wazi."

Shanice akainuka. Alitoa simu, akaipiga sweta picha, na kile kifungo cheupe akakisogelea karibu. Akaituma kwa magrupu yake yote. Kusema kweli nilimkaripia: hiyo simu inafanya kila kitu isipokuwa kushika ikipigwa na mama!

Zikapita siku tisa. Siku ya kumi akapata ujumbe kutoka kwa msichana anaitwa Abby, wa Kishushe. Alikuwa amepanda mwamba kutafuta netiweki, picha ikafunguka, akamwonyesha nyanya yake. Nyanya akakaa chini.

Tulirudi Ikanga jioni hiyohiyo, tukapiga simu, tukaweka sauti ya juu.

"Naitwa Peris. Ni mimi wa hiyo sweta."

Mzee akajiinua kidogo kitandani. Halafu, kama hakimu: "Kifungo cheupe kiko cha ngapi?"

"Cha tatu kutoka juu. Mama alikosa cheusi."

Akafumba macho. "Ulifika?"

"Nilifika, Mzee."

"Saa ngapi?"

"Saa moja kasoro hivi. Nilitoka nyuma kwenda chooni, nikaona lori la mjomba, alikuwa ameleta kabichi. Nikapanda. Sweta niliikumbuka tumeshapita Mwatate."

"Saa moja kasoro," Mzee akasema. "Saa moja kasoro mimi nilikuwa kwa polisi."

"Woi, pole, Mzee. Mimi nilichapwa na mama kwa ajili ya hiyo sweta. Nikakatazwa kushuka Voi tena, nikaolewa huku Kishushe. Sikujua kuna mtu ananitafuta."

Mama Mutindi akasema kutoka mlango wa jikoni, "Miaka arobaini na miwili nafua sweta ya mtu aliyekuwa kwao anakula!"

Jamani, Mzee alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka tukamshika. Akajipangusa macho na shuka. Akasema, "Mwambieni nimefunga mlango sasa."

Siku tano baadaye akafariki, usingizini.

Sasa, vijana, nisikilizeni, maana hii siisemi kwa kupamba kipindi. Peris alifika salama. Lakini hakusema amefika, na mtu mmoja mzuri akabeba huo mzigo miaka arobaini na miwili. Wewe unaona ni chaji tu imeisha. Huku nyumbani kuna mtu hajafunga mlango. Ukiondoka na mtu, mwambie mwenzako unaondoka na nani. Ukifika, sema umefika. Neno moja tu. Sikukatazi muziki. Mimi mwenyewe nilicheza, na nikisikia kinanda kile mguu haunitii mpaka leo.

Kuna jambo lingine nimelifikiria wiki nzima, na sijapata jibu. Ndambuki alikimbia vile mpaka petroli kwa sababu mwaka uliotangulia alimkosa Peris. Kama Peris angetuma salamu amefika, je, angekimbia hivyo kwa ajili yangu? Nilimweleza Peris hayo jana pale kaburini. Akanitazama, akasema, "Basi kile kiboko cha mama kilikuwa chako." Tukacheka huku tunalia.

Ndiyo, Peris alikuja. Alitoka Kishushe alfajiri kwa pikapu ya mawe. Mama Mutindi aliitoa sweta msumarini kwa mikono miwili, akampa. Mabegani haikuingia tena. Akaivaa Abby, mjukuu, na katika jua lile la Ikanga, jasho linamtiririka, akakataa kuivua mpaka mazishi yakaisha.

Kwa Mama Mutindi, kwa watoto na wajukuu, kwa jamaa wote wa hapa na wa Ukambani: poleni sana. Sisi wa kipindi hiki, na watu wa bugi mlio hai, tunawashika mkono. Mungu awape nguvu. Na kila mtu leo ajiulize, ni nani anayejua kama nimefika? Na mimi, ni nani ninayemngojea afike?

Namaliza na hili. Jana, watu wakianza kutawanyika, alikuja kijana anaitwa Donald. Ana klabu hapa mjini, mnaijua, ile yenye taa za buluu. Alikuwa amesikia habari za ule ubao wa misumari. Mama Mutindi bado anao, umeegemezwa nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kaburini. Donald akauomba, autundike mlangoni kwake.

Mama akamtazama kuanzia viatu. "Na sweta moja ikibaki, utafanya nini?"

"Nitapiga simu, Mama."

"Na simu ikiwa imezimwa?"

Donald akafikiri. Akatazama kaburi, akatazama ubao.

"Nitatoka nimtafute."

"Na jina lake?"

"Nitakuwa nimemuuliza akiingia."

Mama Mutindi akainama, akafuta vumbi kwenye ubao kwa upindo wa leso yake. Misumari arobaini, yote mitupu. Akasema, "Shika huku, mimi nishike huku. Ni mzito."