Filamu ya Majambazi

Jamani, leo kwenye basi nimesahau hata kuangalia simu yangu! Mama mmoja mwenye Biblia mapajani kamuuliza fundi viatu aliyekaa naye filamu gani imemgusa kiroho mwaka huu. Fundi akataja ya majambazi. Mama akavuta mkoba kifuani.

"Majambazi ndio wakuguse kiroho, mwanangu?"

"Kuna baba anamfungulia mlango mwanawe aliyemwibia, mama. Nililia."

"Mh! Na mwisho wake?"

"Sijauona. Nilizima, nikampigia baba yangu."

Mama akamkagua kichwa mpaka miguu. "Kwani wewe ulimwibia nini?"

Fundi akainamia viatu vyake. Mimi nilishavuta shingo kama twiga!

"Haya, akapokea?"

"Hakupokea. Ndiyo naenda kwake."

Basi likasimama, fundi akashuka. Mama, mkoba bado kifuani, akafungua dirisha: "Bisha hodi kwa nguvu!"