Bi. Kuramochi na Watu Arobaini na Wawili Waliokubali Samaki

Tarehe 31 Machi, siku ambayo kampuni yetu ya ramani za pwani hufunga mwaka wake, Bi. Kuramochi Sadae atastaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kazi. Kumi na miwili ya mwisho amekuwa mkuu wa mipango, na tangu kazi zilipotawanywa kwenye vituo tisa, kuanzia theluji ya Wakkanai hadi joto la Ishigaki, yeye ndiye aliyetufanya tubaki kampuni moja ingawa tunakutana kwenye kioo cha kompyuta tu.

Aliingia akiwa mchoraji, enzi za wino, na mkono wake hadi leo hautetemeki. Ana kalenda ya ukutani anamoandika hali ya hewa ya kila kituo. Akikupigia simu huanza na mvua ya kwenu, wala hakosei. Ni mtanashati kweli, ila siku moja alisimama mbele ya kamera kufunga dirisha, tukaona kuwa chini ya koti la heshima amevaa mabuti ya shambani. Hakuna aliyecheka. Tulikuwa wapole mno wakati huo, na upole huo nusura uniponze.

Aprili 2021 alileta mpango mkakati wa miaka mitatu. Ukurasa wa kumi na moja ulitaka vituo vyenye watu chini ya wanne vifungwe, wahusika wahamie Osaka. Sisi wa kisiwa cha Fukue tulikuwa watatu. Mama yangu alikuwa na miaka themanini na sita, na kisiwa alikuwa hahami kwa lolote.

Siku ya mkutano, badala ya ukurasa huo, Bi. Kuramochi aliweka kwenye kioo orodha ya chakula cha siku ya kutazama maua ya sakura. Sote tuliona. Lakini umkosoe mkuu mbele za watu? Akaeleza kufungwa kwa vituo huku sisi tukisoma majina ya waliotaka samaki wa kukaanga. Akauliza kama tumeafikiana. Tukaitikia kwa vichwa, nami nikiwamo, na mpango ukapita.

Jioni aligundua. Mwingine angemeza mate yaishe. Yeye alimwendea mkurugenzi, Bwana Nishiguchi, ambaye husimulia kisa hiki mwenyewe kila karamu ya kufunga mwaka.

"Mhuri wangu umeshakauka, Kuramochi."

"Basi utagonga mwingine. Watu arobaini na wawili wamekubali samaki, hawajakubali mpango. Na kimya kingi kina mshindo mkuu, Mkurugenzi."

Kwetu mti hauhamishwi kabla ya kuzungukiwa mizizi yake, wala jambo haliamuliwi kabla ya kila mtu kuulizwa faraghani. Bi. Kuramochi alituzungukia kwa simu, mmoja mmoja, wiki tisa. Kwangu alipiga mara tatu. Mbili za kwanza nilijibu kwamba hakuna tatizo. Ya tatu alimaliza habari za mvua ya Fukue, kisha akanyamaza. Akanyamaza tu, hadi nikashindwa.

"Mkuu, mkifunga hapa mimi naacha kazi. Mama hahami."

"Ahaa! Sasa ndiyo tumeanza mkutano, Urakami."

Julai ukurasa wa kumi na moja uliandikwa upya. Vituo vidogo vilibaki, kila kimoja kikapewa kituo kikubwa cha kusaidiana nacho. Tangu hapo ni mwiko jambo kuamuliwa siku linaposikika mara ya kwanza. Mama yangu alifariki mwaka juzi, kitandani kwake, dirisha likitazama bandari. Nilikuwa nimemshika mkono. Kwa hilo namshukuru Bi. Kuramochi hadi nitakapokufa.

Wiki iliyopita, katika mkutano wake wa mwisho, aliweka kwenye kioo ukurasa mmoja, sahihi safari hii, wenye mstari mmoja: Kuramochi anaondoka 31 Machi. Akauliza kama kuna pingamizi. Mikono arobaini na miwili ilinyanyuka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaandika kwenye kumbukumbu za mkutano: pingamizi zimepokelewa, uamuzi haubadiliki.

Anakwenda Tottori, kwenye shamba la mapeari la marehemu baba yake. Mabuti anayo tayari. Asante kwa yote, Bi. Kuramochi, afya iwe yako na matawi yazae. Ila iandikwe wazi kwamba sisi hatukukubali.

Urakami Hisao
Kituo cha Fukue