Donatus Maganga, Aliyetaka Mkewe Asitikiswe Njiani

Ndugu, jamaa na majirani, leo Jumamosi, tarehe 14 Julai 1956, tumekusanyika hapa Samuye kumzika Donatus Maganga. Maneno haya yameandikwa na dada yake mkubwa, Melania, naye ndiye anayeyasoma. Aliombwa aandike mazuri tu ya marehemu. Mazuri ameyaandika, na mengine yamemshinda kuyaacha.

Donatus alizaliwa hapa hapa tarehe 4 Machi 1923, mtoto wa pili wa mzee Maganga na mama Limi. Tangu utotoni hakuweza kukiona kitu kimefungwa akakiacha. Alipokuwa na miaka saba aliifungua taa ya chemli ya baba yake, apate kujua mwanga unakaa wapi. Alichapwa, akairudishia huku analia, na taa ikawaka vizuri.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1932, akafika darasa la sita mwaka 1938. Hakuendelea, kwa kuwa nyumbani ng'ombe walikuwa wengi kuliko watu wa kuwachunga. Mwaka 1942 aliingia jeshini akapelekwa Burma, na huko akafundishwa kuendesha pikipiki na kupeleka barua. Alirudi mwaka 1946 na blanketi, viatu na ujuzi huo.

Mwaka 1947 aliajiriwa kuwa tarishi wa mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, akahamia Kharumwa. Mwaka 1950 akanunua pikipiki yake mwenyewe, mojawapo ya zile kuukuu za jeshi. Aliiendesha hadi Kahama, Shinyanga na Mwanza, na mara nyingine alisafiri siku mbili kwenda kumsalimu mtu ambaye hakuwa na haja naye. Ubaya wa pikipiki ile ulikuwa mbele. Ilikuwa na springi moja tu, ngumu, chini ya taa, na kila shimo la njia lilimpanda dereva mpaka kwenye meno.

Tarehe 15 Septemba 1951 alifunga ndoa na Bernadina. Walipendana waziwazi, hata watu wakaona haya kwa niaba yao. Novemba 1952 Bernadina alishikwa na uchungu kabla ya wakati, Donatus akampakia kwenda hospitali, na mtoto akafia njiani. Mwaka 1954 ikawa vilevile, kwenye njia ile ile. Muuguzi alisema huenda ni mtikiso. Donatus alipofika nyumbani neno "huenda" alikuwa amekwisha kulitupa. Na ninyi majirani zake wa Kharumwa, ambao baadhi yenu mmevaa nyeusi hapa leo, mlisema kisimani kwamba pikipiki ya Donatus inakula watoto. Alisikia.

Mwishoni mwa mwaka jana Bernadina alipopata mimba tena, Donatus aliapa kwamba huyu hatatikiswa. Alitaka kuing'oa sehemu yote ya mbele ya pikipiki na kuifungia miguu ya kisasa, ile ya mabomba mawili yenye springi na oili ndani. Bomba moja alilitoa kwenye pikipiki ya mpimaji ardhi iliyogongwa na lori. La pili alilifuata Nyahanga, kwa mfanyabiashara aliyekuwa amelifanya nguzo ya banda la kuku. Kipande cha chini ya usukani, kinachoyashika mabomba yote mawili, hakikupatikana popote. Rafiki yake Herman, fundi wa kuchomelea mgodini, akakiunda kwa chuma cha mashine mbovu ya kusagia mawe.

Kazi ilifanyika Jumapili sita mfululizo, baada ya misa, uani kwa Melania, huko huko Kharumwa. Mtu wa tatu kazini alikuwa Onesmo, mtoto wa shangazi, na kwa hiyo mtani wa Donatus. Jumapili ya mwisho Onesmo alikuwa anapangusa oili, akaona ufa mdogo pale Herman alipochomelea. Akainua kichwa.

"Donatus, chuma hiki kitakuzika," alisema. "Na mimi ng'ombe wako wa matanga nitamla mapaja yote mawili."

"Utakula mkia," Donatus alijibu. "Mapaja ni ya watu wenye meno."

Wote walicheka. Herman alicheka, na Melania, anayesoma hapa, alicheka kuliko wote. Mtani akikutabiria kifo hakuna anayekwenda kutazama chuma. Onesmo naye hakurudia kwa sauti nyingine. Aliona amekwisha kusema, na kicheko kilikuwa kitamu.

Jioni ile Donatus alifunga kibuyu cha maziwa kwenye kiti cha nyuma, bila kifuniko, akaenda hadi mtoni na kurudi. Halikumwagika hata tone. Alimwita Bernadina atazame, kisha akageuka ukutani akalia.

Kuhusu kuugua, Donatus hakuugua. Juzi, Alhamisi tarehe 12, alimpeleka Bernadina hospitali akasubiri siku zake huko. Maili thelathini, polepole. Bernadina aliposhuka aliwaambia wauguzi kwamba alisinzia njiani. Donatus alirudi peke yake, mwenye furaha na mwendo mkali, na maili nane kabla ya Kharumwa kile kipande kilikatika pale pale penye ufa. Wachimbaji waliomkuta walisema alikuwa amekwisha kukata roho.

Mwili ulipofikishwa, Onesmo alisema, "Nilimwambia."

"Ulimwambia kwa utani," Melania alimjibu.

"Sasa dada, mimi na yeye tuliwahi kuambiana kwa namna nyingine?"



Donatus ameacha mama yake, Limi, dada yake, Melania, mkewe, Bernadina, na binti aliyezaliwa hai jana alfajiri, mzima, mwenye sauti kubwa. Bernadina hayupo hapa. Kazi nzito za msiba ni za mtani, hivyo jana asubuhi ukoo ulimpandisha Onesmo baiskeli akampe habari. Alimkuta ananyonyesha. Akasimama mlangoni akamwambia, "Shemeji, Donatus amekufa. Kesho tunamzika."

Bernadina alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa. Akasema, "Nenda huko, mchawi wewe! Mwambie aje Jumatatu na kanga mbili, na asikubali lori, mimi nataka pikipiki yetu."

Onesmo alirudia mara tatu, na mara zote tatu alichekwa na wodi nzima. Akarudi na salamu hizo. Kanga mbili zimo kwenye kapu la Melania, naye atakwenda tukimaliza kufukia, kwa kuwa yeye si mtani, na akiingia tu mlangoni Bernadina atajua.

Mungu ampumzishe Donatus, ampe njia laini.