Shujaa Wetu na Sanduku la Wenzake

Ukitaka kujua nchi inaendeshwa vipi, usijisumbue kwenda Dodoma. Nenda Pasua, chini ya mlima wa Kibo, kona ya Sirili fundi viatu, ukae kwenye lile benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Sirili, jina lake la kijiweni Msumari, aligundua zamani kwamba viatu vibovu haviji kila siku lakini hamu ya kahawa inakuja, akaweka birika kwenye jiko la mkaa, na tangu hapo yeye anashona soli na wenzake wanashona serikali. Wenzake hao ni watatu. Yupo Profesa, aliyekuwa karani wa shirika la umma mpaka shirika likauzwa na yeye akapunguzwa, akabaki na Kiingereza chake na kalamu mbili mfukoni. Yupo Waziri, muuza mitumba, ana methali kwa kila jambo na hakuna hata moja inayokaa mahali pake. Na yupo Eliufoo wa Marangu, mpagazi, ambaye kwa mwaka mmoja na nusu wote walimwita Kapteni. Jumamosi hiyo ya mwaka tisini na saba, mlima ulikuwa umejifunua wote, na Eliufoo alitamani ufunikwe, na yeye afunikwe nao.

Kisa cha ukapteni kilikuwa hivi. Eliufoo alimbebea mizigo Mzungu mmoja mchoraji wa vitabu vya katuni, naye siku ya mwisho wakiwa njiani kushuka akamwambia anatunga kitabu ambacho kila taifa lina shujaa wake mwenye nguvu za ajabu, na shujaa wa Tanzania atampa sura ya Eliufoo. Eliufoo hakushuka mlima siku ile, aliteleza kwa furaha. Alipofika kijiweni alisimulia mpaka kahawa ikaisha, na kesho yake akasimulia tena, wakampa cheo cha Kapteni, kama mashujaa wa katuni. Sasa kitabu kilikuwa kimefika. Kilipitia ofisi ya kampuni yao ya utalii, na aliyemletea alikuwa Rogath, mpagazi mwenzake wa zamani ambaye mwaka huo alipandishwa akawa kiongozi wa wageni mlimani. Rogath, kwa furaha yake, alikitangazia kijiwe kizima kabla hata bahasha haijafunguliwa. Kwa hiyo kukificha hakukuwezekana. Alichoweza Eliufoo ni kukifungua peke yake usiku, kukisoma kwa Kiingereza chake cha mlimani, kisha kuuchana ukurasa wa mwisho. Ukurasa huo ulikuwa na jina lake na maneno yake mwenyewe, na sasa ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, umekunjwa mara nne.

Profesa alilamba kidole, akafunua.

—Huyu wa Marekani kavaa bendera toka shingoni mpaka viatuni. Anaruka magorofa. Huyu wa Urusi anavunja kifaru kwa goti. Huyu mama wa Ufaransa upanga wake unatoa radi.

—Na wetu? Waziri aliuliza. Mbe, twende kwa wetu!

—Tulia. Huyu hapa, ukurasa wa kumi na tisa.

Vichwa vikagongana. Sura ilikuwa ya Eliufoo kabisa, na pengo lake la jino. Kiunoni kafungwa bendera yetu, na misuli kagaiwa bila kubaniwa. Lakini kichwani alikuwa na sanduku la chuma kubwa kama kabati la nguo. Profesa akasoma kwamba ndani ya sanduku mna mashine ya kuokoa dunia. Mashujaa wengine walitembea mbele yake, mikono mitupu.

—Anabeba, alisema Sirili, sindano ikabaki hewani.

—Ngoja, labda anataka kulirusha, Waziri alisema. Funua.

Profesa akafunua. Anabeba. Akafunua. Anabeba, theluji imemfika magotini. Akafunua tena. Wenzake wako kileleni wanapigana na joka, na yeye kakaa chini ya mwamba, analinda mabegi.

—Anasema nini?

—"Ndiyo, bwana. Polepole."

—Halafu?

—Hakuna halafu. Kitabu kizima kasema hayo tu.

Eliufoo aliangalia kahawa yake. Alijua wanamwonea huruma, na huruma yao ilimuuma kuliko kama wangemcheka, kwa sababu hakuistahili.

—Pole sana, Kapteni, alisema Profesa. Hukuonewa wewe, limeonewa taifa. Mimi nimeshughulika na mafaili, naijua hii. Haya ni masharti ya mkopo. Nchi ikikopa, wanakuja na orodha: punguzeni wafanyakazi, uzeni mashirika, shule mchangie. Mwisho wa orodha, kwa maandishi madogo, shujaa wenu atabeba.

—Kweli kabisa, Waziri alisema. Ndiyo wahenga wakasema, paka akiondoka panya hutawala.

—Hapo paka ni nani? Profesa aliuliza.

—Si hilo sanduku!

—Waziri, aisee, methali zako ni kama mashati yako. Zimeshavaliwa na mtu mwingine.

—Basi nisikilize bila methali. Huo mlima wa kitabuni umeandikwa jina? Haukuandikwa. Mlima mweupe, barafu, joka. Wanauchukua, mangi! Leo kwenye kitabu, kesho kwenye ramani. Keshokutwa tunalipa kiingilio kwenda kuutazama kutoka Pasua.

—Tayari unalipiwa kiingilio, alisema Sirili.

—Si umeona?

Wakati huo akafika mwanamke wa makamo, gauni la bluu, anachechemea, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, kisigino kimeng'oka. Aliwasalimu, akajitaja kuwa ni Mwalimu Elinipendo, amehamia shule ya jirani mwezi huo. Sirili akampokea kiatu na kumwonyesha ncha ya benchi. Akakaa, mguu mtupu juu ya kipande cha ndala, hana pa kwenda mpaka gundi ikauke. Hivyo ndivyo kijiwe kinavyopata wasikilizaji.

—Mimi nadhani mnakosea, alisema Sirili, ambaye kwa kawaida hasemi zaidi ya maneno matatu. Mtu habebi sanduku la watu bila sababu. Mle ndani hamna mashine. Mle mna nguvu zake mwenyewe. Walimwibia akiwa amelala, wakazifungia, wakamwambia tubebee.

Profesa akaitikia kwa kichwa, kwa heshima ya wazo hilo.

—Au anajua! Waziri aliruka. Anajua, na anajifanya hajui! Anapeleleza! Ndiyo, bwana, ndiyo, bwana, kumbe anahesabu hatua zao. Wakifika mwisho wamechoka, analitupa sanduku, anawapiga wote, Mrusi, Mmarekani, na joka lenyewe. Mvumilivu hula mbivu! Hiyo imekaa, Profesa, usiikatae!

—Imekaa, Profesa alikubali. Lakini iko wapi hiyo picha?

Akafunua mpaka mwisho. Kisha akatulia, akapeleka kitabu karibu na macho, akapitisha kucha kwenye mshono.

—Jamani. Hapa pamechanwa ukurasa.

Eliufoo alihisi karatasi mfukoni kama imeota miiba.

—Wa mwisho! Waziri alipiga paja. Nimesema nini? Ndio huo wa kuwapiga! Kapteni, ulikipokea hivi hivi?

Hapa ndipo mtu alipaswa kusema. Neno moja tu, na lilikuwa fupi.

—Bahasha ilikuwa imefungwa, alisema Eliufoo, na hilo lilikuwa kweli, na ukweli huo aliusema kama mwongo.

—Nani kaileta? Rogath, Profesa alisema polepole. Gundi ya bahasha unaifungua kwa mvuke wa chai na kuirudisha. Pale ofisini kwetu walikuwepo mabingwa.

—Rogath! Toka apandishwe cheo hasalimii tena. Kaona mwenzake ni shujaa wa taifa, roho ikamsokota. Kikulacho ki nguoni mwako!

Hiyo nayo ilikaa, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Waziri alikuwa ameshasimama, anafunga sandali.

—Naenda kwake, mtaa wa Soweto, sasa hivi. Asipoutoa, Jumatatu naingia ofisini kwao, namwambia mkubwa wao ana mwizi wa mali za wafanyakazi. Tuone kama wageni watampa mwizi mabegi yao.

Eliufoo alimjua Rogath vizuri kuliko wote hapo. Mwaka juzi, Kibo, kichwa kilipomuuma Eliufoo mpaka akatapika, Rogath alichukua mzigo wake akauweka juu ya wa kwake, akashuka nayo yote miwili bila kumwambia mtu, ili ofisini wasijue kwamba mwenzake aliugua. Na sasa Waziri alikuwa anavuka mtaro. Eliufoo alihesabu hatua zake. Ilipofika ya sita, aliona aibu mpya, kubwa kuliko ile ya kwanza, na ndiyo iliyomsukuma.

—Waziri. Rudi.

—Usimtetee!

—Rudi, nimesema. Ukurasa ninao mimi. Nimeuchana mwenyewe.

Akautoa. Hakuwatazama. Alimpa Profesa, na Profesa akaunyoosha juu ya goti, akausoma kwanza kimya, kisha akakohoa, akatafsiri kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma hati ya wosia:

—"Namshukuru Eliufoo, mpagazi wangu. Jioni moja nilimwuliza: kama nchi yako ingekuwa mtu mmoja mwenye nguvu kupita watu wote, mtu huyo angefanya nini? Hakufikiri hata kidogo. Alisema: anabeba mzigo wowote, hachoki, hali chakula kingi, na hajibizani na wageni. Nimemchora kama nilivyoambiwa."

Waziri, aliyekuwa amesharudi, alikaa, sandali moja imefunguka.

—Kiingereza kilikuchanganya, Profesa alimsaidia. Hutokea.

—Hakikunichanganya, alisema Eliufoo. Msinitafutie njia. Nilimwelewa vizuri tu. Lakini ilikuwa siku ya nne, na alikuwa ameshika kalamu. Sisi kule juu, mgeni akishika kalamu siku ya nne, tunajua anataka kuandika barua ya sifa. Bila barua za wageni ofisini hupati mzigo, unalala kwenye geti la mlima na wale mia wengine. Nikaiona ile kalamu. Nikasema yale anayotaka kusikia mtu wa kuandika barua. Nimeulizwa habari za nchi nzima, nikajibu habari za tumbo langu. Kumbe alikuwa anachora kweli.

—Na barua aliandika?

—Aliandika. Nzuri sana.

Waziri alitafuta methali. Ilionekana usoni jinsi alivyopekua, kama mteja kwenye furushi jipya la mitumba, na safari hii akatoka mikono mitupu.

—Mimi ni mgeni hapa, mnisamehe, alisema Mwalimu Elinipendo. Lakini nimewasikia toka nimekaa. Ninyi wengine, angewauliza ninyi, mngemwambia nini?

—Swali jepesi hilo, Profesa alijinyoosha. Ningemwambia, shujaa wetu ana kalamu. Akiandika barua, hakuna wizara itakayoikataa. Akiomba kurudishwa kazini anarudishwa siku ile ile, na malimbikizo...

Mkono wake ulikuwa umepanda wenyewe kwenye kalamu za mfukoni, akaushusha.

—Huyo ni wewe, Waziri alisema. Wetu lazima awe na kipaji! Anaongea, mangi! Anamuuzia Mzungu koti la Mzungu mwenyewe, na Mzungu anashukuru...

Akajisikia anajitaja mwenyewe. Sirili alitazamwa, akainamia kiatu.

—Mniache. Nina kiatu cha mtu.

—Na wewe, mwalimu? Profesa aliuliza. Ni juu yako, ninyi walimu ndio mnaofundisha uraia.

Mwalimu akakaa wima, kama yuko mbele ya darasa.

—Shujaa wetu ni msafi, alianza. Anawahi namba za asubuhi. Anatii wakubwa, haulizi mas...

Aliziba mdomo kwa kiganja. Hata mguu wake mtupu aliurudisha nyuma chini ya benchi.

Eliufoo alikuwa amefikiri kwamba akishasema atajisikia vizuri, na kwamba akiwaona wengine nao wameshindwa atajisikia vizuri zaidi. Haikuwa hivyo. Mzigo wa mlimani ukiugawa kwa watu watano, kila mmoja anabeba kidogo. Huu waligawana, na kila mtu akabaki na wa kwake mzima. Aliwaona Profesa na Waziri wakikwepana macho, watu ambao hawakuwahi kukosa la kuambiana, akaona aibu kwa hilo pia.

Sirili aligonga kisigino mara tatu, akamrudishia mwalimu kiatu. Akainua birika kuwaongezea kahawa, likatoa machicha matupu.

—Nitakwenda mwenyewe kwa Rogath, alisema Eliufoo akisimama. Nimwambie mlivyomsema, na kwamba nilikaa kimya.

—Vizuri, Profesa alisema. Halafu Jumatatu unapanda?

—Kama nikipata mgeni.

—Na ile barua ya sifa, ya huyu huyu mchoraji? Bado unaionyesha ofisini?

Eliufoo aliukunja ukurasa, akautia ndani ya kitabu.

—Naionyesha, alisema. Ndiyo nzuri kuliko zote nilizonazo.